Kubadili jina la folda S3 inachukua milele, nakosea wapi?

Kijenge_Juu: Wakuu habari za jioni, niko hapa Arusha natengenezea kampuni moja ya utalii stoo ya picha, nimeijenga juu ya S3, ile huduma ya Amazon ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ila madereva wanaona mafolda kama kompyuta ya kawaida, sasa jana mtu kabadilisha jina la folda moja tu lenye picha 40,000, "Serengeti" kuwa "Serengeti Julai", aisee nimemaliza chai na maandazi bado inazunguka. Shida nini?

Moshi_Majengo: Mkuu S3 ya kawaida haina folda. Ule mkwaju (/) unaouona ni sehemu ya jina la picha tu, kwa hiyo kila picha inakopiwa kwa jina jipya halafu ya zamani inafutwa, mara 40,000. Hata kuorodhesha tu unapewa majina 1000 kwa ombi moja.

Kijenge_Juu: Duh. Sasa nifanyaje?

Moshi_Majengo: Majina na mafolda weka kwenye databesi pembeni, S3 peleka picha kwa namba tu, mfano a91f. Mtu akibadili jina unagusa mstari mmoja wa databesi, picha hata haina habari. Ila hiyo databesi fanya bakapu, ikipotea umebaki na gunia la namba.

kahawa_chungu: Na mafaili ya kuhariri-hariri usiweke huko S3, ukigusa herufi moja unapandisha faili zima upya.