Tupeane uzoefu: sabufa ya gari imechanika au mpira umeachia, uliiunga na gundi gani?

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Nina sabufa ya inchi 12 kwenye buti. Mpira wa pembeni umeachia kwenye karatasi (ile sahani ya spika inayocheza), upana kama wa vidole vitatu, upande wa chini. Sauti ya chini inaimba vizuri, ila ukifungulia besi inaanza kukoroma. Fundi mmoja kaniambia nitupe ninunue mpya, mwingine anasema supa gluu inamaliza kazi dakika tano. Roho inaniuma kuitupa spika yenye sumaku nzima. Waliowahi kuunga wenyewe nyumbani watuambie: ilikuwa imeharibika wapi, walipaka gundi gani, na ikadumu? Hata iliyoshindikana semeni, tafadhali.

Besi ya Tabata
Mkuu, kabla hujagusa gundi ijue hali ya koili, yaani ule waya uliozungushwa ndani ya sumaku unaosukuma karatasi. Chomoa waya za ampu, weka mita kwenye om. Spika ya om 4 ikiwa nzima inasoma 3 na ushee. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika mahali. Halafu weka viganja viwili kwenye karatasi, pande zinazotazamana, sukuma taratibu kwenda chini. Inatakiwa ishuke na kupanda kimya. Ukisikia inakwaruza, koili inagusa sumaku. Nusa pia katikati: ikinuka kuungua, hapo gundi haina kazi. Mimi yangu ilikuwa inakoroma nikadhani ni mpira, kumbe koili imeungua kwa sababu ampu ilikuwa ndogo na gain (kitufe cha kuongeza nguvu kwenye ampu) imefunguliwa mpaka mwisho.

Dada wa Noah
Naomba nizungumzie hiyo supa gluu, maana nimeona matokeo yake kwa macho. Mpira wa sabufa yangu ulichanika, fundi akaupaka hiyo. Siku ya kwanza ikaimba safi. Haikumaliza wiki, mpira ukapasuka tena, tena pembeni kabisa ya pale alipopaka, na safari hii mpasuko ukawa mrefu zaidi. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu, wakati mpira kazi yake ni kucheza muda wote. Pale pagumu panakataa kujikunja, basi mpira laini wa jirani ndio unabeba mzigo wote.

Nikaibandua, nikatumia gundi ya njano ya mafundi viatu. Nilikata kiraka cha tyubu ya baiskeli, ile nyembamba kabisa, nikakikwaruza na msasa laini, na mpira wenyewe pia nikaukwaruza. Nikaufuta kwa spiriti, nikaacha ukauke. Gundi nikapaka kidogo pande zote mbili na kusubiri mpaka kidole kikigusa hakitoki na gundi, ndipo nikakandamiza. Kiraka nilikiweka kwa nyuma, mbele huoni kitu. Mpaka leo inapiga.

Mkazi wa Mombasa
Huku pwani tatizo letu ni zile spika ambazo pembeni zina sponji badala ya mpira. Joto na unyevu vinaila hiyo sponji hata kama spika haipigwi, ukiigusa inamomonyoka kama keki kavu. Ikifika hapo usiibandike viraka, utabandika huku itakatika kule. Tafuta pete mpya ya sponji ya kipimo chako, uondoe ya zamani yote pamoja na gundi yake. Hapo ndipo kazi ilipo. Mimi nilikaa jioni nzima nakwangua, na sikuwa na haraka, kwa sababu kisu kikiteleza kinatoboa karatasi.

Pete inagundishwa kwanza kwenye karatasi, ikishika vizuri ndipo unaihamia fremu. Kabla ya fremu, kata kile kikofia cha katikati kwa wembe, chomeka vipande vyembamba vya plastiki kuzunguka nguzo ya sumaku, ndani ya koili, ili koili isimame katikati. Ukiruka hatua hii itakwaruza tu hata gundi iwe nzuri vipi. Ikikauka unachomoa plastiki na kurudisha kikofia.

Msafiri wa Thika Road
Yangu ilitobolewa na jeki iliyokuwa imelala ovyo kwa buti. Karatasi ilipasuka, mpira ulikuwa mzima. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao na tishu, safu moja mbele, moja nyuma, nikaacha hadi kesho yake. Gundi hiyo nyepesi inafaa hapo. Usirundike, karatasi ikiwa nzito upande mmoja inacheza mshazari. Baadaye nikanunua kinga ya chuma ya kufunika spika pale Luthuli Avenue, Nairobi.

Besi ya Tabata
Kuna wanaotumia silikoni ya madirisha. Ile inayonuka siki msiiweke karibu na koili wala zile waya laini zinazocheza, asidi yake inakula shaba.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Nimepima, inasoma 3.4, na nikisukuma haikwaruzi. Sasa dada, na mimi nahitaji kiraka cha tyubu?

Dada wa Noah
Hapana kaka, kiraka ni cha mpira uliochanika. Wako umeachia tu. Sehemu kubwa bado imeshika, kwa hiyo karatasi haijahama katikati, usiibandue iliyobaki. Inua kile kipande kilichoachia, kwangua gundi ya zamani juu na chini, futa, paka gundi ya viatu kwa brashi ndogo pande zote mbili. Ukikandamiza kandamiza mara moja, hiyo gundi ikishaumana hairuhusu kusogeza. Kidole cha mkono mwingine kiwe nyuma ya karatasi kuizuia isibonyee. Acha spika imelala chali ndani ya nyumba usiku kucha, si kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Kesho anza na sauti ndogo, besi uifungulie baadaye.