Msaada: "en dents de scie" kwa Kiingereza niiwekeje?

BintiNgamiani
Wapendwa, hamjambo. Nina ripoti ya Kifaransa kutoka Madagaska, kusini kule Amboasary, bonde la mto Mandrare, wanakolima mkonge kama sisi huku Tanga. Tajiri anaitaka kwa Kiingereza kwa sababu wanunuzi wa singa, yaani nyuzi za mkonge, atakaowapelekea hawasomi Kifaransa. Nimekwama penye sentensi mbili. Ya kwanza inasema uzalishaji umekwenda "en dents de scie". Ya pili, kurasa chache mbele, inasema bei imepanda "par à-coups". Kamusi niliyo nayo inanipa "in fits and starts" kwa zote mbili, na roho yangu inakataa. Mwandishi hakutenganisha misemo hiyo bure, na mnunuzi akielewa vibaya hapo anaweza kuvuruga hesabu ya mzigo mzima. Mnaojua, nisaidieni.

Pweza wa Raskazone
Dents ni meno, scie ni msumeno. Waingereza wanalo "sawtooth". Weka hilo uendelee na kazi.

Karani Mstaafu, Pongwe
Mwanangu, roho yako ina haki ya kukataa. Acha kamusi kwanza. Chukua takwimu za ripoti hiyo hiyo uzichore kwenye karatasi ya miraba. Mstari ukipanda mwaka huu, ukashuka mwakani, ukapanda tena, hiyo ndiyo en dents de scie. Anachokwambia Mfaransa ni kwamba mambo hayatulii. Par à-coups ni habari nyingine kabisa: kitu kinakwenda upande mmoja, ila kwa kushtukashtuka.

Kabla sijaingia ofisini kuandika barua za wanunuzi nilifanya kazi kwenye korona, mtambo wa kutoa singa kwenye majani ya mkonge, na kule à-coup utaiona kwa macho. Majani yanapangwa juu ya mnyororo unaoyapeleka kwenye ngoma yenye visu butu. Visu vinaponda nyama ya jani, maji yanaosha, singa zinatokea upande wa pili. Sasa wapangaji wakiyarundika hapa na kuacha pengo pale, ngoma inaguna, inapunguza mwendo, halafu inaachia kwa nguvu. Kazi inasonga mbele, haijarudi nyuma hata kidogo, lakini mtambo mzima unatikisika. Mfaransa hulitumia neno hilo hilo kwa injini ya gari inayoshtuka. Kama bei ya ripoti yako imepanda namna hiyo, "in fits and starts" inakaa barabara, maana hiyo "start" ni ile ya zamani, ya mtu kushtuka. Lakini msemo huo hausemi popote kwamba kitu kimeshuka. Ukiupachika kwenye uzalishaji utakuwa umeificha miaka mibaya, na mnunuzi anayo haki ya kuijua.

Na kuna jambo linaniuma. Watu wanapachika en dents de scie kwa kila zao lililoanguka, hata mkonge wetu. Mjerumani Hindorf alileta miche yake ya mkonge huku mwaka 1893. Nchi ikapanda hadi tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kisha kamba za plastiki zikajaa sokoni, mashamba mengi yakataifishwa, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa na tani kama 20,000 tu. Huo ni mlima mmoja mkubwa, watu wamepanda na wameteremka. Meno yako wapi? Kilichoruka ghafla ni bei, wakati wa vita vya Korea, na mruko wa namna ile Mfaransa angeuita "du jour au lendemain", Mwingereza "overnight". Watu waliopoteza ajira hapa hawakupandishwa na kushushwa. Walishushwa, basi. Anayeandika habari zao aandike hivyo.

Fundi Redio, Majani Mapana
Namuunga mkono mzee. Na hiyo "sawtooth" mimi naiogopa. Kwetu mafundi ni umbo la umeme lenye maana yake maalumu: linapanda taratibu kwa mshazari, likifika juu linaanguka mara moja, na linarudia vilevile bila kubadilika. Ndilo lililokuwa likivuta mwale kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine kwenye televisheni za zamani. Mtu aliyesoma uhandisi akiikuta kwenye ripoti atadhani mavuno yanapanda polepole na kuporomoka kwa ratiba. Kusini mwa Madagaska ukame hauna ratiba.

Chausiku wa Makorora
Dada, tajiri akija kuitaka na Kiswahili, msumeno uache kabisa. Sisi msumeno unakata mbele na nyuma, ndiyo maana tunasema sheria ni msumeno. Msomaji atafikiri kuna aliyeshtakiwa. Andika "mara juu, mara chini", kila mtu wa sokoni ataelewa.

BintiNgamiani
Ahsanteni sana, na mzee shikamoo. Nimechora kama ulivyoniagiza. Mavuno yanapanda na kushuka kweli, hayafanani mwaka na mwaka. Bei haijashuka hata mara moja, ila kuna miaka imesimama tuli kisha ikaruka. Kwa hiyo nimeandika: "Output has swung up and down from year to year, while prices have climbed in fits and starts." Inapita?

Karani Mstaafu, Pongwe
Marahaba mwanangu. Inapita, na hiyo "swung" ni nzuri kuliko "fluctuated" ambayo wameichosha. Ongeza tu ni tangu mwaka gani hadi mwaka gani, humo humo ndani ya sentensi. Mnunuzi wa singa huuliza hilo kabla ya lolote.