Mapromota, acheni kubadilisha uzito dakika za mwisho! Mtatuulia vijana

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira tangu Jumamosi na nisiposema nitapasuka.

Nafundisha ngumi kwenye gym ya mtaani hapa Dar. Kijana wangu alisaini pambano la kilo 63.5. Kambi ilikwenda vizuri, alikuwa kwenye 66 na kitu, anakula, analala, anarusha ngumi hadi raha. Zimebaki siku kumi na ushee, promota huyo kwenye simu, saa tano usiku: "Kocha, mpinzani kajitoa. Nimepata mwingine ila huyu anacheza 61.2. Mwambie dogo ashuke, kilo mbili kitu gani bwana?"

Kilo mbili kitu gani! Na yeye hapandi ngazi za ghorofa moja bila kupumzika katikati.

Msiniulize kwa nini hatukukataa. Ukikataa unaambiwa rudisha kianzio, na kianzio kilishaishia kwenye kodi ya chumba. Halafu pambano linalofuata hupigiwi simu, unaitwa msumbufu.

Kwa wasiojua: kilo za siku za mwisho si mafuta, ni maji. Mwili unakamuliwa. Damu inakuwa nzito, moyo unakimbia ukiwa umekaa tu, figo zinateseka, misuli inakaza. Na kichwa kilichokaushwa hivyo ndicho kesho yake kinapelekwa kupigwa makonde.

Usiku wa kuamkia kupima uzito nilikuwa naye chumbani. Sweta tatu, juu yake nailoni ya kufunikia godoro (mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, nailoni ya godoro bado ipo, na mabondia wanaijua kazi yake nyingine). Madirisha yamefungwa, anaruka kamba. Akichoka anakaa, anatafuna bigijii na kutema mate kwenye chupa. Mate yenyewe yameshakuwa kama gundi. Midomo imechanika, ananiambia, "Kocha, nisukutue tu, simezi." Namkatalia, maana nikimwonea huruma hapo, kesho atameza.

Kupima tuliambiwa saa nne asubuhi. Promota kafika saa nane mchana! Masaa manne mazima vijana wamekaa kwenye viti vya plastiki hawajala wala kunywa, eti waandishi hawajafika, bango la mdhamini halijafungwa. Kijana kapanda mzani, amezidi gramu 300. Nikaomba saa moja akaruke kamba, nikaambiwa hakuna muda, watu wa kamera wanaondoka. Wakamkata sehemu ya malipo yake. Aliyebadilisha uzito ndiye aliyemkata!

Daktari? Alikuwepo. Kafunga kile kitambaa cha presha mkononi, kaandika, "Anayefuata." Mkojo hakuna aliyeuangalia.

Jumamosi raundi ya nne miguu ikakaza, raundi ya sita nikarusha taulo. Ukumbi mzima unazomea, "Kauza pambano!" Na humu nimeona mmoja kaandika hivyo hivyo. Ndugu yangu, kauza nini? Mtu alikuwa hawezi hata kukojoa.

Najua watakuja wa kusema kukata kilo ni sehemu ya mchezo, hata wazungu wanakata. Ni kweli wanakata, ila waliozika wenzao walishtuka. Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki kama tano wakijikausha. Mwaka uliofuata sauna na nguo za mpira vikapigwa marufuku, na mzani ukasogezwa karibu na muda wa kucheza. Desemba 2015 Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, alifariki Manila akishusha uzito kwa pambano la ONE Championship, kampuni ya mapambano mseto ya Asia. Wale jamaa wakakataza kujikausha, na wakaanza kupima mkojo kuona kama mwili una maji. WBC (Baraza la Ngumi la Dunia) wanampima bondia wa ubingwa siku 30 kabla, halafu siku 7 kabla, ili ajulikane mapema kama anashuka taratibu au anasubiri kujiua mwishoni.

Ukiniambia Vinesh Phogat, mwanamieleka wa India, alinyimwa fainali ya Olimpiki Paris 2024 kwa gramu 100, nakubali, mzani ni mzani. Lakini uzito wa kilo 50 aliujua tangu mwanzo. Hakupigiwa simu usiku akaambiwa sasa ni 48.

Ninachotaka si kikubwa. Uzito ukishaandikwa kwenye mkataba ubaki huo. Mpinzani akibadilika, mpya ndiye afuate uzito wa aliyebaki, au wakutane katikati kwa maandishi bila faini. Mzani ufunguliwe saa iliyotangazwa, promota awepo asiwepo. Na wasimamizi wapime vijana wiki mbili kabla, siyo kuja kupiga picha za kutunishiana vifua.

Makocha wenzangu, nyie mnaonitumia meseji za "pole kaka" kimyakimya, andikeni hapa hapa. Mkiogopa wote, nitaonekana mimi tu ndiye mkorofi.

Na kama kuna mwanasheria humu: mkataba wetu wa karatasi unasema 63.5, mabadiliko yalikuja kwa simu, hatukusaini kitu kipya. Ile pesa aliyokatwa tunaidai vipi? Njoo PM.