APRS, AIS au simu: kipi kinafaa kufuatilia mashua Mtwara?

NahodhaMdogo (Mikindani): Wakuu, heshima zenu. Nina leseni ya redio ya ridhaa (ham radio), na familia ina mashua inayokwenda Msimbati na kurudi. Nataka walioko nyumbani waone ilipo muda wote ikiwa majini. Nichukue APRS (mfumo wa redio ya ridhaa wa kutuma mahali ulipo), AIS (mfumo wa vyombo vya majini kujitambulisha kwa redio), au simu inatosha?

FundiAntena: Mkuu, simu ni rahisi, ila ukitoka nje ya mnara umepotea. APRS inachukua mahali ulipo kutoka GPS na kurusha pakiti fupi kwenye 144.800 MHz, jina lako la hewani likiishia na -8, yaani chombo cha majini. Sasa pakiti isipopata kituo cha kuipokea na kuiingiza kwenye intaneti, tovuti ya ramani ya aprs.fi haitaonyesha kitu. Kwa hiyo anza na nchi kavu: antena, Raspberry Pi (kompyuta ndogo), kipokezi cha redio cha USB na programu ya Direwolf ya kusoma pakiti za APRS.

BintiShangani: Na antena iwe juu! Ya mashua ikiwa mita 2 juu ya maji na ya nyumbani mita 10, zinaonana kama kilomita 19 tu. Ya nchi kavu ikifika mita 100 juu ya bahari, unakaribia 47. Tafuta kilimani, usiiweke chini ghubani.

MzeeWaKusi (Lindi): Wanangu, mmesahau meli. Inayoingia bandari ya Mtwara usiku haisomi APRS. Ukiwa na AIS, meli inaiona mashua yako kwenye skrini. Halafu siku usipokuwemo chomboni, nani anarusha kwa leseni yako? Na mashua inabeba nini?

NahodhaMdogo: Shikamoo Mzee. Inabeba samaki wa kuuza, na mara nyingi anayeiendesha ni kaka yangu, hana leseni.

MzeeWaKusi: Marahaba. Basi ni AIS, tena bila mjadala. Redio ya ridhaa si ya biashara. Chukua ya daraja B, ya vyombo vidogo, na uombe MMSI, namba ya utambulisho wa chombo. Mashua ikipita kasi ya noti 2 (kama kilomita 4 kwa saa) inatuma kila sekunde 30. Ikitulia, kila dakika 3. APRS itumie ukitoka mwenyewe kwa matembezi.

FundiAntena: Naungana na Mzee. Kipokezi cha USB cha aina ileile kinasikia masafa ya AIS, 161.975 na 162.025 MHz, kwa programu ya AIS-catcher. Nunua viwili, kimoja AIS, kingine APRS.

BintiShangani: Kwenye mashua, antena ifungwe kileleni mwa mlingoti, na viungio vya waya vizibwe vizuri. Maji ya chumvi yakiingia humo, mawimbi hayafiki mbali.