Manula kuanza siku ya watani: kosa la Robertinho, au tunatafuta wa kumbebesha tano?

MTU WA MZUNGUKO
Wakuu, hasira zimepoa kidogo, tuongee mpira. Jumapili hii ya Novemba 5, 2023 Simba yetu imekula tano kutoka kwa Yanga pale kwa Mkapa, 5-1, na kila ninayekutana naye anasema kocha Robertinho afungashe. Mimi nina swali moja: nani aliona Aishi Manula ndiye wa kuanza golini? Mtu ameumia tangu Aprili, kafanyiwa upasuaji, ndio kwanza anarudi, halafu anatupwa kwenye dabi. Kipa Ally Salim yupo. Huyo dogo Aprili alisimama golini tukawapiga haohao 2-0, Agosti pale Mkwakwani akapangua penalti tatu tukabeba Ngao ya Jamii. Kipa mwingine, Ayoub, naye katolewa FAR Rabat ya Morocco aje kufanya nini, kupiga picha? Kosa la kocha hilo, au kuna mkono mwingine?

DAWA YA MOTO
Acheni kumwonea Manula. Musonda wa Yanga katutangulia dakika ya 3, Kibu wetu akarudisha, mapumziko 1-1. Nne zimeingia kati ya dakika ya 64 na 87. Hapo tatizo ni kipa au ni timu nzima kukata pumzi? Muulizeni anayewakimbiza mazoezini.

KIPA MSTAAFU WA MCHANGANI
Nimedaka mchangani mpaka bega likanitoka, kwa hiyo hili nalijua. Kipa akitoka majeruhi, kuruka kunarudi mapema sana, na ndicho mnachokiona kwenye klipu za mazoezi mnasema "kaiva". Kinachochelewa ni hatua ya kwanza. Krosi inapigwa, jicho limeona, kichwa kinasema toka, mguu unasita. Unasita kidogo tu, lakini ukija kuamua mpira umeshafika kwa straika. Mazoezini huwezi kuligundua kwa sababu wenzako hawakugongi, wanakuonea huruma. Linatoka siku ya mechi tu. Mimi ningempa mechi tatu nne na timu za kawaida kwanza.

MAMA KAHAMA
Shida ya huyu kocha ilianza kitambo, mkawa mnatuambia tunyamaze kwa sababu timu inashinda. Ligi ya Mabingwa na Power Dynamos ya Zambia sare mbili, 2-2 Ndola na 1-1 Chamazi, tumepita kwa bao la ugenini tukashangilia kama tumechukua kombe. Mtibwa siku ya kwanza ya ligi wametufunga mbili Manungu. Ndiyo, tulishinda nne, lakini mbili hizo nani alizijadili? Mechi sita za ligi tumeshinda zote na sikumbuki hata moja niliyomaliza bila kushika tama. Pira biriani, lile soka letu tamu, likageuka papatupapatu. Nimeziangalia zote, sisimuliwi.

TEMEKE MWISHO
Umeziangalia wapi, dada? Kwenye king'amuzi kamera inafuata mpira. Sisi tulio uwanjani tumeona kisichoonyeshwa: mabeki wa kati wanarudi nyuma, viungo wanapanda juu, katikati pale Aziz Ki wa Yanga angeweza kutandika mkeka akalala. Hilo huwezi kuliona sebuleni. Nyie wa mikoani mnaofundisha makocha kupitia king'amuzi cha jirani mngetupa nafasi kwanza tuliokuwepo.

MAMA KAHAMA
Cha JIRANI?
Kaka, king'amuzi ni changu, kifurushi nalipia mwenyewe na hiyo Jumapili nimewapikia watu pilau. Sebule imejaa mpaka watoto wa watu wamekalia ndoo dirishani. Wewe kwenda kwa Mkapa unapanda daladala moja na chenji inabaki. Mimi nikitaka kuja ni basi, chakula njiani, pa kulala, na duka nalifunga. Nani anailipia zaidi hii timu?

TEMEKE MWISHO
Sijasema huna hela. Nimesema uwanjani unaona zaidi. Msome kabla ya kupaniki.

KANDA YA ZIWA KWANZA
Temeke, jibu hili. Simba ikija Kirumba au Kambarage, ule uwanja unajazwa na nani? Mnakuja na treni kutoka Temeke? Mkishinda timu ni ya Watanzania wote, mkipigwa tano inakuwa ya wenye tiketi.

TEMEKE MWISHO
Tulipigwa tano, na tulioionja ni sisi. Ya nne ilipoingia baba mmoja mtu mzima mbele yangu alivua jezi akaigeuza ndani nje akaivaa tena, akashuka ngazi bila kumwangalia mtu. Kwenye daladala konda alikuwa Yanga. Kila kituo: "Tano, tano, ingieni, tano!" Na nauli siyo hiyo. Nyie mlizima tu tivii mkalala.

MAMA KAHAMA
Tuzime tulale wapi? Huku hakuna Yanga? Jirani yangu alipuliza vuvuzela mpaka mbuzi wakakata kamba. Na ndiyo jirani ambaye HANA king'amuzi, alikuja kuangalia kwangu.

MWANANCHI WA JANGWANI
Habari zenu watani. Sikuja kwa shari, nimekuja kutoa mkono wa pole. Hesabuni vidole kwanza.

DAWA YA MOTO
Utopolo huyu hapa, mtu wa Yanga. Agosti mlipowapiga KMC tano, mkaja JKT tano, tukasema mnaonea wanyonge. Haya.

MWANANCHI WA JANGWANI
Umeongea kama mtu aliyekomaa. Sasa wanyonge wako watatu.

MZEE SITA BILA
Kijana, mkono wako una vidole vitano. Wangu una sita. Tarehe 19 Julai 1977, nenda kamuulize babu yako alikuwa wapi. Kibadeni peke yake aliweka nne.

MWANANCHI WA JANGWANI
Shikamoo mzee. Hiyo mliangalia kwa king'amuzi cha nani?

MZEE SITA BILA
Marahaba. Redio ya mbao ilitosha, raha ilikuwa ileile.

KANDA YA ZIWA KWANZA
Mzee, kwa heshima, Kibadeni alifunga tatu. Jumanne Masimenti mbili, na moja Sanga wao alijifunga mwenyewe. Tusiwape watani nafasi ya kusema tunatia chumvi.

MZEE SITA BILA
Tatu, nne, jumla si ileile sita? Na 2012 je? Tano bila, penalti tatu, mojawapo kapiga Kaseja. Kipa katoka golini kwake akaja kuwafunga. Sema mliwahi kufungwa na kipa au hamjawahi.

MWANANCHI WA JANGWANI
Na 1968 mzee wangu? Tano bila, mkiitwa Sunderland, Dilunga mbili. Ndiyo maana mkabadilisha jina, mlitaka kufuta ushahidi.

MZEE SITA BILA
Jina lilibadilishwa kwa sababu nyingine kabisa, usipotoshe watoto humu!

MTU WA MZUNGUKO
Jamani. Niliuliza habari za kipa.

DAWA YA MOTO
Kipa ni dalili, ugonjwa uko juu. Angalieni mlolongo. Kakolanya wamemwacha kaenda Singida. Wakamleta Jefferson kutoka Brazil kwa mbwembwe, ligi haijaanza kaumia, wakaachana naye. Ndipo wakakimbilia kwa Ayoub. Dirisha zima la usajili tunatafuta mtu wa kuvaa glavu, na mwisho wa siku dabi anaanza yuleyule aliyekuwa hospitali. Maana yake walionunua hawakiamini walichokinunua. Mtu anayetakiwa kujibu hapo ni kocha kweli?

KIPA MSTAAFU WA MCHANGANI
Na Ally Salim? Kijana kacheza robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Wydad, mechi zote mbili, kule Casablanca tukatolewa kwa matuta. Unamwambia nini kijana kama huyo unapomkalisha? Kipa hakai benchi kama winga. Winga anaweza kuingia dakika ya 70. Kipa akikaa, amekaa.

TEMEKE MWISHO
Hoja nzuri kipa, lakini nimalizane na huyu wa Kanda ya Ziwa. Mara ya mwisho Simba kuja Kirumba nilikuwepo. Nilikuja na basi. Nusu ya jukwaa walikuwa wamevaa jezi za Arsenal.

KANDA YA ZIWA KWANZA
Ni nyekundu! Mtu anavaa nyekundu aliyonayo! Jezi halisi huku inafika kwa bei gani unajua?

MAMA KAHAMA
Usimjibu, mwache. Anadhani mapenzi yanauzwa getini.

SAUTI YA MSIMBAZI
Klabu imetoa taarifa sasa hivi. Robertinho wameachana naye, pamoja na kocha wa viungo Corneille Hategekimana. Timu inabaki kwa Cadena akisaidiwa na Matola. Alhamisi tuna Namungo.

DAWA YA MOTO
Nilisema muulizeni anayewakimbiza mazoezini. Mmeona?

MTU WA MZUNGUKO
Hamkuona ajabu? Mtu alikuwa hajapoteza mechi ya ligi tangu aje Januari kutoka Vipers ya Uganda. Kapoteza moja, kwaheri.

MWANANCHI WA JANGWANI
Kapoteza moja mara tano.

KIPA MSTAAFU WA MCHANGANI
Ngojeni kwanza. Cadena si ndiye kocha wa makipa? Yaani tumebishana siku mbili ni nani aliyesema Manula yuko tayari, na mtu ambaye kazi yake ni kusema kipa gani yuko tayari ndiye kapewa timu nzima?

MZEE SITA BILA
Sasa hapo 1968 Sunderland tulikuwa na sababu zetu, hilo mtani halisemi.

MAMA KAHAMA
Makocha waende warudi, Temeke bado hajaniomba radhi.

TEMEKE MWISHO
Radhi ya nini? Nimesema "cha jirani" kwa utani. Haya, cha kwako. Umeridhika?

MAMA KAHAMA
Nimeridhika. Alhamisi na Namungo utakuwepo uwanjani utuambie kamera inachoficha?

TEMEKE MWISHO
Alhamisi niko zamu mpaka usiku. Nitaangalia kwenye simu.

KANDA YA ZIWA KWANZA
Simu ya jirani?

TEMEKE MWISHO
Ya kwangu. Bando ndiyo naomba kwa jirani.

MWANANCHI WA JANGWANI
Nikurushie la mia tano?