Rotesheni wiki 8, kodi miezi 6: wanafunzi wa udaktari tukalale wapi?

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa nimetoka zamu ya usiku na nina hasira, kwa hiyo lugha mtanisamehe. Mods, nawaomba uzi huu msiuhamishie kwenye jukwaa la nyumba na viwanja. Huko wamejaa madalali, na hawa ndio nakuja kuwasema.

Mimi ni mwanafunzi wa MD mwaka wa tatu, wa kike, kwetu Njombe. Miaka miwili ya kwanza nilikaa hosteli ya chuo. Kitanda cha juu, kunguni, foleni ya bafuni, yote nilivumilia maana jioni nilikuwa najua nalala wapi. Mwaka wa tatu ndio tunaingia wodini. Chuo chetu hakina hospitali ya kututosha wote, kwa hiyo tunagawanywa na kuzungushwa hospitali hadi hospitali, ndiyo rotesheni: medisini (magonjwa ya ndani) huku, sajari (upasuaji) kule, watoto kwingine, uzazi kwingine. Na Dar mnaijua. Hospitali za rufaa za mkoa peke yake ni tatu, Amana, Mwananyamala na Temeke, kila moja kona yake ya jiji. Niko ipi sisemi, na chuo sikitaji, kwa sababu logibuku yangu, daftari la kazi za wodini, bado inahitaji saini za watu. Na hospitali yenyewe sina ugomvi nayo, manesi wa wodi niliyopo wamenilea kuliko chuo.

Tangazo la mgawanyo liliingia kwenye grupu la darasa Ijumaa jioni. Kuripoti ni baada ya siku 10. Mstari wa mwisho: "Kila mwanafunzi atajitegemea kwa malazi." Maneno matano, basi. Hakuna orodha ya nyumba, hakuna namba ya mtu wa kumuuliza, hakuna hata barua ya kumwonyesha mwenye nyumba kwamba huyu ni mwanafunzi wetu. Nilipokwenda ofisini kuuliza nikajibiwa kwamba sisi ni watu wazima. Sawa, ni watu wazima, lakini ratiba ya rotesheni inayofuata mnatuficha kama mtihani wa taifa!

Hebu tupige hesabu, maana watu wakisikia "mwanafunzi wa chuo" wanadhani tunachezea boom. Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, ni Sh 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo, linakuja kwa awamu ya kama miezi miwili. Yaani laki sita, ukiwa umepata lote. Chumba masta cha kawaida, karibu na hospitali kiasi cha kurudi usiku bila kukabwa, niliambiwa laki moja na nusu kwa mwezi. Ukisikia hivyo unaona inawezekana, unabana tumbo, unaishi. Lakini hakuna anayetaka laki moja na nusu. Wanataka miezi 6 kwa mkupuo, laki tisa. Juu yake dalali mwezi mmoja, laki moja na nusu nyingine. Milioni moja na elfu hamsini, kabla hujanunua godoro, kabla hujanunua stethoskopu. Na rotesheni yenyewe ni wiki 8! Hii ndiyo inayonitoa povu. Nalipia miezi 6 kulala miwili, na kila mtu kwenye mnyororo huu anajua, kuanzia chuo mpaka dalali.

Kabla hamjaniuliza, ndiyo, nina ndugu Dar. Baba mdogo anakaa Chanika, na siku za mwanzo nilikaa kwake. Ripoti ya asubuhi wodini inaanza saa 1:30, na ukichelewa unasimamishwa mbele ya kila mtu uulizwe mgonjwa wa kitanda namba fulani amelalaje. Nilikuwa naamka saa tisa usiku ili saa kumi niwe kituoni. Jioni nikirudi ni saa tatu, saa nne. Mama mdogo, mkewe, Mungu ambariki, hakuwahi kuninyima chakula, ila kuna siku alisema kwa upole, "Mwanangu, hapa unakuja kulala kama gesti." Alikuwa sahihi. Sinywi nao chai, sioshi chombo, Jumapili nasinzia ibadani. Siku nilipokleki mgonjwa, yaani kuchukua maelezo yake, nikaandika umri wake miaka 340, daktari msimamizi aliniita pembeni akaniuliza nalala saa ngapi. Ndipo nikaamua kutafuta chumba.

Sasa madalali.

Dalali wa kwanza alinitumia picha: tailsi, jipsamu, dirisha la alumini, "maji ndani, umeme unajitegemea, dakika tano kutoka lami". Kwanza nitume Sh 20,000 ya kuonyeshwa chumba, hairudi. Nikatuma. Tulipofika akapiga simu kwa dalali mwingine, ambaye naye akampigia wa tatu mwenye funguo. Dakika tano ilikuwa bodaboda ya Sh 1,500. Nikamuuliza, dakika tano kwa miguu ya nani? Akacheka, "Dada'angu, Dar hii, utazoea."

Chumba chenyewe kilikuwa Kigogo, upande wa bondeni. Wodini tunafundishwa kumpima mgonjwa kwa mpangilio: angalia, papasa, gonga, sikiliza. Nikaona leo nipime chumba. Kuangalia tu, usawa wa goti kuna mstari wa kahawia umezunguka kuta zote nne, rangi mpya imepakwa juu yake lakini unachungulia. Kupapasa, ukuta unyevu, chokaa inabaki kiganjani. Sikufika kwenye kugonga. Nikamuuliza dalali, hapa mto Msimbazi unaingia? "Mara moja moja, zile mvua kubwa." Wakuu, mafuriko ya Desemba 2011 watu wa bonde hili walihamishiwa Mabwepande, nilikuwa mdogo ila picha za watu juu ya mapaa nazikumbuka. Huyu ananiambia mara moja moja, kwa miezi 6 kwa mkupuo.

Elfu ishirini ikaenda. Ya pili nikaliwa Magomeni: chumba kizuri kweli, ila nilipofika kilikuwa "kimechukuliwa sasa hivi, dakika hii hii, nina kingine Mburahati." Ya tatu nisiisimulie, nilitumiwa picha za chumba ambacho mwenzangu darasani anaishi! Yupo ndani! Alinipigia picha ya pazia lake.

Mwisho nilipata kupitia nesi mmoja wa wodini. Nyumba safi, fensi, mama mwenye nyumba anakaa humo humo. Mama yangu Njombe aliuza viazi vilivyokuwa vinasubiri bei ipande, na hela ya mbolea ya kukuzia ikaja humo humo. Nikalipa laki tisa. Na udalali nikalipa, maana alitokea kijana dalali getini akasema nyumba ile "ni ya kwake", na mama mwenye nyumba hakubisha.

Masharti nikayajua baada ya kulipa. Geti linafungwa saa nne usiku na ufunguo hapewi mpangaji. Nikamweleza: mama, mimi nina zamu, kuna siku natoka wodini saa sita usiku, kuna siku nakesha. Akaniangalia toka juu hadi chini. "Mwanangu, wasichana wote wanaorudi usiku wana kazi zao za zamu." Nikamletea kitambulisho cha chuo, nikamletea na koti jeupe alione. Koti likazua kesi nyingine. Nisilianike kwenye kamba ya uani kwa sababu limetoka kwa wagonjwa, litaleta TB kwenye nguo za wajukuu zake. Nikamweleza TB inavyoambukizwa, kwamba ni kwa hewa, mtu akikohoa, haikai kwenye koti lililofuliwa likaanikwa juani. Akasema nyie watoto mnasoma sana. Koti naanika ndani, juu ya feni. Ila huyo huyo mama, presha yake ikimsumbua saa nane usiku ananigongea "dokta, hebu njoo." Naenda. Nifanyeje?

Tuachane na LUKU. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa Sh 1,500 kodi ya jengo. Jengo la nani? Nikimwambia tupunguze kwenye pango ananiuliza kama nyumba niliikuta haina masharti.

Sasa kilichonileta hapa. Wiki 8 zimeisha, nimepangiwa hospitali nyingine, upande wa pili wa jiji. Mnazijua foleni za Buguruni na Tazara, sihitaji kueleza. Nikakaa na wenzangu tukaona mbona dawa ipo: darasa linazunguka kwa makundi, wanaotoka huku wanakwenda kule na wa kule wanakuja huku. Tubadilishane vyumba! Nikampata mwenzangu wa kike, kodi yake imebaki miezi minne kama yangu, bei zinalingana, tofauti elfu kumi. Yeye aje kwangu, mimi niende kwake. Hakuna anayepoteza. Mwenye nyumba hapotezi hata senti, hela alishakula!

Mama akakataa. "Mimi nilikupangisha wewe. Akiingia mwingine ni mpangaji mpya, alipe kodi yake." Na yangu ya miezi minne? "Hairudi, soma mkataba." Mkataba ni karatasi moja ya kuandika kwa mkono, wala hilo halimo. Nilipomwonyesha kwamba halimo akasema ndiyo maana hairudi, haikuandikwa kwamba inarudi. Wanasheria mliopo humu nijibuni, hiyo hoja mnaiitaje? Na kijana wa udalali, sijui alisikia wapi, akapiga simu kwamba mwenzangu akihamia, kamisheni yake iko palepale.

Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti alinisikiliza vizuri tu, akasema hayo ni makubaliano ya watu wawili. Na kwa kweli amenyoosha. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti pango, ya 1984, na mabaraza yake. Ikafutwa 2005. Mimi nilikuwa natambaa. Toka hapo waheshimiwa wanalizungumza hili la kodi ya miezi 6 na ya mwaka bungeni, tunapiga makofi, tunarudi kulipa ya mwaka.

Lakini hasira yangu kubwa siyo kwa mama. Mama ana nyumba moja na wajukuu sita. Hasira yangu ni kwa chuo. Makundi wanayapanga mwanzoni mwa mwaka, najua, kwa sababu vikao vya idara vinakaa na hospitali zinaandikiwa barua mapema. Ratiba ya mwaka mzima ipo kwenye kompyuta ya mtu. Mkitupa Oktoba, tunapangana wenyewe: wanne tunachukua nyumba katikati, au tunaingia mkataba na mwenye nyumba kwa majina ya makundi yote manne, chumba hakikai kitupu hata wiki na yeye anapata kodi ya mwaka anayoitaka. Hiyo gharama yake ni kubonyeza kitufe cha kutuma. Hatuombi mjenge hosteli, ingawa kwenye fomu ya ada kuna mstari wa "huduma za wanafunzi" na ningependa siku moja kukutana na hizo huduma.

NYONGEZA: Nimelala, nimeamka, nimekuta maoni kurasa mbili. Nijibu machache.

Anayesema "enzi zetu tulilala chini na tukawa madaktari": shikamoo mkuu. Enzi zenu serikali iliwalipia.

Anayeuliza kwa nini sikuomba vyumba vya hospitalini: niliomba. Vichache, na madaktari wa mafunzo tarajali wamejazana humo wawili wawili kitanda cha futi tatu na nusu. Siwezi kuwaonea wivu.

Anayesema nitafute mwanaume anipangishie: nimekuripoti.

Aliyeuliza sasa hivi nalala wapi: kwa yule mwenzangu, upande wa pili. Tupo watatu chumba kimoja, godoro moja na mkeka, tunapishana kwa zamu, anayekesha anamwachia mwingine godoro. Mwenye nyumba wake anajua tupo wawili. Wa tatu ni "mgeni" na kila asubuhi anaagwa kwa sauti pale uani, jioni anakaribishwa upya. Leo mgeni ni mimi.

Na chumba changu kipo, kimefungwa, kitanda kimetandikwa, kodi imelipwa miezi minne mbele. Nimeongea tena na mama leo asubuhi kwa simu, na mwenyekiti akiwa pembeni yake. Amekubali mtu aingie endapo atakuwa wa kike, anasoma au anafanya kazi hospitali, na hana mambo mengi. Kwa hiyo kama kuna dada, nesi au mwanafunzi, anahitaji chumba masta, maji ndani, fensi, aje PM. Anilipe kidogo kidogo kila mwezi, laki moja na ishirini tu, hasara nyingine nabeba mimi. Geti saa nne, koti jeupe anika ndani. Kuja kukiona ni bure. Dalali asinitafute.