Pikipiki haichaji betri: ninunue rektifaya au nisuke koili?

Habari za jioni wakuu, na shikamooni mliotangulia kwenye ufundi.

Naendesha bodaboda ya mkataba, cc 150, Mtwara mjini hadi Mikindani. Wiki ya pili hii betri haifiki jioni. Honi inaanza kulia kama mbuzi mwenye kikohozi, indiketa zinaganda, mwisho stata haivuti, napiga kiki abiria ananitazama. Nilikimbilia kubadilisha betri (haraka yangu hiyo), hela ikaenda na shida ikabaki palepale.

Jana nimeazima mita. Ikiwa imezimwa betri inasoma volti 12.5. Nikiwasha inashuka 12.2, na hata nikivuta mafuta haipandi, wakati najua ingefika kama 14. Nikachomoa soketi ya rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa AC kuwa DC wa kuchaji betri) nikapima nyaya zinazotoka kwenye koili ya chaji (ile inayozalisha umeme injini ikizunguka): AC volti 40 na ushee nikivuta mafuta. Soketi yenyewe pini moja ina ukungu wa kijani na plastiki imeyeyuka pembeni. Chumvi ya bahari hii! Nimesugua kwa msasa, bado.

Fundi mmoja anasema koili imeungua, isukwe upya kwa elfu 60. Mwingine anasema rektifaya tu. Mfukoni nina elfu 25, na hesabu ya bosi haisubiri.

Kwa vipimo hivyo koili nimwondolee lawama, au nipime kwanza kama inagusa bodi (yaani waya wake unavujisha umeme kwenye chuma cha injini)? Na soketi ile nikiikata nikaunga waya kwa waya, nikalehemu, kuna hatari?